Kontena pana, paleti zinazokataa na loki zisizoshika: tuanze na tepu

Shida nyingi za makontena mapana zinazofika mezani kwangu hapa Industrial Area, Nairobi, zina mzizi mmoja. Mtu amepima kuta akasahau pembe, au amehesabu pembe akasahau kuta. Kontena la kawaida la ISO lina upana wa nje wa milimita 2,438, yaani futi 8, na ndani hubaki kama 2,350. Kontena pana la paleti limetanuliwa kuta kidogo: nje halizidi 2,500, ndani linapita 2,400. Kisha kuna swopubodi, bodi ya lori inayoshushwa kwenye chasisi na kusimama kwa miguu yake minne. Ulaya, ilikozaliwa, upana wake ni milimita 2,550, na zile za baridi hufika 2,600 kwa sababu ya unene wa kuta.

Lakini matundu ya vyuma vya pembe za chini hayasogei. Kutoka katikati ya tundu la kushoto hadi katikati ya tundu la kulia ni milimita 2,259 kwenye kontena la kawaida, kontena pana na swopubodi. Ndiyo maana treila moja linaweza kubeba zote tatu. Ukuta ndio unaotoka nje ya pembe, na hapo ndipo ugomvi huanzia.

Nairobi mengi tunayoshughulikia ni ya kawaida. Makontena mapana ni machache, na swopubodi chache zaidi, na uchache huo ndio unaowafanya watu washtuke kitu kisipoingia. Mwongozo huu umepangwa kwa dalili. Kila dalili inaanza na sababu inayoonekana mara nyingi zaidi.

Kabla ya kugusa chochote

Soma mlangoni. Chini ya namba ya kontena kuna alama nne za aina na ukubwa. 22G1 ni la futi 20 la kawaida. 45G1 ni la futi 40 refu kwenda juu, yaani haikyubu. Tazama alama ya pili: ikiwa ni tarakimu, kontena lina upana wa kawaida. Ikiwa ni herufi C, D, E au F, upana umezidi milimita 2,438 lakini haujapita 2,500. Kwa hiyo 4EG1 ni la futi 40 haikyubu pana, na LEG1 ni la futi 45 pana. Hizo alama nne zingeokoa nusu ya simu ninazopigiwa.

Kisha soma bamba la usalama la CSC lililopigwa ripiti mlangoni. Hilo linakupa uzito wa juu kabisa na uzito linaoweza kubebeshwa likipangwa chini ya mengine, pamoja na tarehe ya ukaguzi, au herufi ACEP ikiwa mwenye kontena yuko kwenye mpango wa ukaguzi wa mfululizo. Ukaguzi wa kwanza hufanywa ndani ya miaka 5 tangu kuundwa, halafu kila miezi 30. Bamba likiwa halipo, lichukulie kontena hilo kama stoo ya kukaa chini. Lisiinuliwe likiwa na mzigo.

Dalili: paleti ya kwanza imeingia, ya pili kando yake imekataa

Haya ndiyo malalamiko yanayozidi yote, na foklifti huacha ushahidi wake. Utakuta maganda membamba ya mbao yamechunika na kulala kwenye kizingiti, na mpira wa mlango wa kulia umechanika kwa urefu wa kiganja. Mpakiaji anaita, "Mzee, ya pili imekataa!" Karani anajibu kutoka ofisini, "Sukuma pole pole, kijana." Msisukume. Chukueni tepu.

Sababu ya kwanza, na ndiyo iliyo kubwa, ni kwamba mpango wa kupakia uliandikwa kwa chombo kingine. Mnunuzi wa Ulaya anaagiza paleti 33 kwa sababu treila la kwao la mita 13.6 hubeba paleti 33 za Ulaya, zile za milimita 800 kwa 1,200. Kontena pana la futi 45 nalo hubeba 33 zilezile. Sasa agizo linafika Nairobi, wakala anapewa kontena la futi 40 la kawaida, na hesabu inavunjika mlangoni. Paleti mbili za milimita 1,200 zikikaa ubavu kwa ubavu ni 2,400. Ndani una 2,350, na mwanya wa mlango wenyewe ni kama 2,340. Hakuna dereva wa foklifti, hata awe stadi namna gani, atakayezipata hizo milimita sitini.

Suluhisho si kununua paleti mpya. Geuza safu moja. Kwa paleti za 1,000 kwa 1,200, safu ya kushoto iingie kwa upande wa 1,200 na ya kulia kwa upande wa 1,000. Jumla ni 2,200, na unabaki na nafasi ya kupumua. Kwa mtindo huo kontena la futi 40 la kawaida hubeba 20 au 21, wakati pana la urefu huohuo hubeba 24. Kwa paleti za Ulaya, la kawaida huchukua 24 hivi na pana huchukua 30. Mwambie mnunuzi tofauti hiyo kwa maandishi kabla kontena halijatoka bandarini. Akitaka 30 kweli, itabidi aagiziwe kontena pana, na hilo hutafutwa mapema na kampuni ya meli. Ajenti aliyesimama getini pale bandari kavu ya Embakasi hawezi kulitoa mfukoni.

Pengo litakalobaki lazima lizibwe. Ukichanganya paleti za Ulaya upande wa 800 na upande wa 1,200 unabakiwa na karibu milimita 350 katikati au ubavuni, na mzigo utatumia nafasi hiyo kulala kwenye mteremko wa kwanza. Mifuko ya hewa ya kujaza pengo ni mizuri. Mbao zilizokatwa kwa kipimo zinatosha, mradi zina alama ya kutibiwa kwa joto kama mzigo unakwenda nje ya nchi, la sivyo watu wa KEPHIS, wakaguzi wa afya ya mimea, watakurudisha.

Sababu ya pili ni mzigo kuzidi ukingo wa paleti. Katoni zikitokeza milimita 20 kila upande, na plastiki ya kuzungushia ikaongeza kidogo, paleti ya 1,000 si ya 1,000 tena. Pima mzigo ulio juu ya mbao pia.

Sababu ya tatu ni kontena la baridi. Wauzaji wa parachichi hukutana na hili kila msimu. Kuta za kontena la baridi ni nene, na ndani hubaki kama milimita 2,290 tu. Mpango wa kontena la kawaida usitumike humo. Na usizibe njia za hewa za sakafuni ili uokoe nafasi ya paleti moja, kwa sababu matunda yatafika yameiva upande mmoja.

Sababu ya nne, ya nadra, ni ukuta uliobonyea kwa ndani. Simama mlangoni, funga jicho moja, tazama ukuta kwa mshazari hadi mwisho. Mbonyeo mkubwa huonekana mara moja. Usiunyooshe kwa foklifti ukiwa ndani. Kontena ni la kampuni ya meli, nawe utalipishwa. Piga picha, likatae, uombe lingine.

Dalili: loki ya treila haizunguki, au imezunguka lakini kontena bado linacheza

Loki ni kile chuma cha treila kinachoingia kwenye tundu la pembe na kuzungushwa ili kishike kontena. Hapa nataka tuende taratibu, maana kosa la loki huua watu wasiohusika kabisa, mwenye bodaboda aliye kando kwenye Mombasa Road na mama anayesubiri matatu.

Anza na uchafu. Tundu la pembe hujaa tope, kokoto na kutu, hasa kontena likiwa limekaa chini msimu wa masika. Toa uchafu kwa chuma kabla ya kulishusha juu ya treila, na usiingize mkono kontena likiwa hewani.

Tundu likiwa safi, tazama treila limesimama wapi. Likiwa upande mmoja juu ya ukingo wa barabara, fremu hujipinda kidogo na loki tatu zinaingia, ya nne inakataa. Lisogeze kwenye sakafu tambarare ujaribu tena. Mara nyingi shida huishia hapo.

Halafu angalia kama kontena limegeuzwa. Treila lenye shingo iliyoinuka mbele linahitaji kontena lenye mfereji chini ya upande wa mbele, na makontena ya futi 40 huwa nao. Likiwekwa milango mbele, litakaa juu ya shingo na loki za mbele hazitafika.

Kwa kontena pana na swopubodi, sababu inayofuata ndiyo wanayoikosa mafundi wengi. Baadhi ya matreila yana vyuma vya kuongoza vilivyosimama nje ya loki, vya kumsaidia mwendeshaji wa kreni kulenga. Vimepangiwa ukuta wa milimita 2,438. Ukuta wa 2,500 au 2,550 unakalia juu ya vyuma hivyo, na chuma cha pembe kinabaki kimeelea sentimita moja au mbili juu ya loki. Loki inaonekana imezunguka, mkono wake umelala vizuri, lakini kichwa hakijashika kitu. Jinsi ya kujua ni kuinama kila pembe na kumulika tochi: chuma cha pembe kikalie kitako cha loki bila mwanga kupita katikati. Vyuma vya kuongoza vinavyokunjika, vikunje. Visivyokunjika, badilisha treila. Kuvikata kwa gesi ni kuharibu treila la mtu na kuacha ncha zitakazotoboa kontena linalofuata.

Swopubodi ina la ziada. Zile fupi zina urefu wa mita 7.15, 7.45 au 7.82, lakini matundu yake ya chini yamekaa umbali uleule wa kontena la futi 20, milimita 5,853. Kwa hiyo hufungwa kwenye loki za futi 20, na bodi inatokeza mbele na nyuma. Ile ya mita 7.82 hutokeza karibu sentimita 88 kila upande kupita mwisho wa kontena la futi 20. Kabla ya kuishusha juu ya treila, hakikisha haitagonga kichwa cha lori lori likikata kona, na kwamba taa za nyuma na namba ya gari zinaonekana.

Mwisho ni loki yenyewe kuchakaa au shina lake kupinda. Ukiizungusha ikacheza kama jino bovu, ibadilishe.

SIMAMA HAPA: loki ikikataa baada ya hatua hizo, lori lisitoke getini. Mnyororo hauchukui nafasi ya loki, wala uzito wa mzigo hautoshi kulishikilia kontena. Chuma cha pembe kilichopasuka au kilichochomelewa na fundi wa mtaani hakiguswi tena hadi mkaguzi wa makontena akione. Chuma hicho kinabeba mzigo wote, na hakichomelewi kwa vijiti vya geti la nyumbani.

Dalili: mlango haufunguki, au umefunguka na sasa haufungi

Mlango wa kulia hufunguka kwanza na kufungwa mwisho, kwa sababu unaukalia wa kushoto. Nimeona vijana watatu wakivuta wa kushoto kwa dakika nyingi. Anza na hilo.

Kama utaratibu ni sahihi na bado mlango umekwama, fremu imejipinda. Linganisha kingo za chini za milango miwili: moja ikiwa juu kuliko nyingine, kontena limekaa kwenye ardhi isiyo sawa. Pima kutoka pembe hadi pembe ya mshazari, pande zote mbili. Vipimo vikitofautiana, hilo ndilo jibu lako. Weka bapa la chuma chini ya pembe iliyozama, ukitumia jeki inayostahili uzito huo, ujaribu mlango. Ukizidi kukaza, umeinua pembe isiyo yake, hamia nyingine. Bapa la milimita kumi linaweza kutosha. Kontena lililo juu ya treila, lihamishie mahali tambarare kwanza kabla ya kutafuta jeki.

Kinachofuata ni kutu kwenye bawaba na mpira ulioganda. Mafuta ya kulainisha, saa moja ya subira, kisha uzungushe fito za kufungia huku na huku. Nyundo nzito kwenye fito hupinda ndimi zake, na hapo utakuwa umenunua shida mpya. Mzigo ulioegemea mlango kwa ndani ni sababu ya nadra lakini ya hatari. Fungua mlango mmoja kidogo tu huku mkanda umefungwa kwenye fito za pande zote mbili, na mtu asisimame mbele.

SIMAMA HAPA: kontena likiwa na sili ya forodha au kifaa cha elektroniki cha kufuatilia mizigo cha KRA, usikate kitu, hata kama mvua inaingia. Piga simu kwa wakala wako na afisa wa forodha kwanza.

Dalili: richistaka haiwezi kuinua

Kwa kontena la futi 45, mwendeshaji wa richistaka, ile mashine ya kuinua makontena, amefungua spreda, yaani fremu yake ya kushika kontena kwa juu, hadi mwisho akitafuta pembe za mwisho kabisa. Matundu ya juu ya kuinulia yako kwenye nafasi ya futi 40. Arudishe spreda hapo.

Kwa swopubodi, mara nyingi hakuna matundu ya juu kabisa. Haikuundwa kuinuliwa kutoka juu wala kupangwa ghorofa. Ulaya huinuliwa kwa mikono minne inayoshuka pembeni na kushika sehemu maalum zilizoimarishwa kwenye ukingo wa chini. Tafuta sehemu hizo, huwa zimetiwa alama. Uwanja usio na mashine yenye mikono hiyo usijaribu kubuni. Nyaya zikipitishwa chini na kukutana juu zitaminya kuta, na kuta za bodi hizi ni nyepesi, nyingine ni turubai tu.

Usiweke kontena juu ya swopubodi, hata tupu. Na kama unafikiria kuipandisha kwenye treni ya SGR kutoka Mombasa, wasiliana na Kenya Railways na uwape upana na urefu wake halisi kabla hujakubaliana bei na mteja.

SIMAMA HAPA: kuinua kusiko kwa kawaida, kama vile kontena lililopinduka au lililokatika boriti ya chini, ni kazi ya kampuni ya kreni yenye leseni na msimamizi wake. Watu wako waondoke eneo lote ambalo mzigo unaweza kuangukia.

Dalili: mguu wa swopubodi haukunji, au bodi imeinama

Pini ya mguu haitoki mguu ukiwa bado umebeba uzito. Lori lenye springi za hewa hurudi nyuma likiwa limeshushwa, hujiinua hadi bodi ilale juu ya chasisi, loki hufungwa, ndipo miguu hukunjwa. Kama pini imekaza, lori halijainuka vya kutosha. Angalia hewa kwanza: mashine ikiwa imezimwa muda mrefu, matangi hayana nguvu. Lori la springi za vyuma kwa kawaida haliwezi kazi hii, na si kosa la dereva.

Bodi kuinama ni habari ya ardhi. Udongo mweusi wa Embakasi na Syokimau ukiwa mkavu ni mgumu kama lami, lakini mvua ya usiku mmoja huufanya umeze mguu hadi goti. Weka mabapa mapana ya chuma au mataruma ya reli chini ya kila mguu, hata siku ya jua. Foklifti isiingie ndani ya bodi iliyosimama kwa miguu ila maelezo ya mtengenezaji yakiruhusu, kwa sababu inapofika mwisho wa nyuma, bodi yote inaweza kunyanyuka mbele.

SIMAMA HAPA: mguu ukishapinda au bodi ikiwa imeinama na mzigo ndani, hakuna mtu anayepita chini yake kuokoa chochote. Zungushia utepe, uite kreni.

Dalili: mizani imekataa, ilhali uzito wa jumla uko sawa

Nafasi ya paleti imeongezeka, uzito unaoruhusiwa haujaongezeka. Paleti 30 za tani moja ni tani 30, ongeza kontena lenyewe la karibu tani 4, ongeza lori na treila. Sheria ya Afrika Mashariki huruhusu tani 8 kwa ekseli ya usukani, 18 kwa jozi ya nyuma ya lori na 24 kwa ekseli tatu za treila, jumla 50 kwa lori la ekseli sita. Kikomo cha juu kabisa ni tani 56, kwa ekseli saba.

Unaweza kuwa na tani 48 na bado ukashikwa kwenye mizani ya barabarani, kwa kuwa mzigo wote umelala nyuma. Sababu ya kawaida ni paleti nzito kupakiwa mwisho kwa kuwa ndizo zilizochelewa kufika. Inayofuata ni kontena la futi 20 kuwekwa mwisho wa treila la futi 40 ili milango ifike ngazi ya godauni. Lisogeze katikati kabla ya kuingia barabarani. Ya tatu ni uzito uliotangazwa usio wa kweli. Tangu Julai 1, 2016 kontena lililojaa halipandi meli bila uzito uliothibitishwa, kwa hiyo pima kweli. Usinakili namba ya safari iliyopita.

Dalili: mzigo umelowa na paa halionekani kuwa na tundu

Ingia ndani mchana, mwenzako afunge milango kwa nje akae palepale, usubiri macho yazoee giza. Nyota yoyote ya mwanga ni tundu. Lizungushie chaki, toka, lizibe kwa muda kwa gamu isiyopitisha maji na umjulishe mwenye kontena. Tazama hasa mipira ya milango, na kwenye kontena pana kagua ubavu wa nje, kwa sababu ukuta uliotokeza hukwaruzwa kirahisi na majirani uwanjani.

Usipoona nyota, ni jasho la kontena. Hewa ya Mombasa imefungiwa ndani ikiwa na joto na unyevu, ikapandishwa zaidi ya mita 1,600 hadi Embakasi, usiku wa Julai ukalipoza paa, na mvuke ukadondoka juu ya katoni za juu. Maji yakiwa yamelowesha sehemu za juu tu na ukuta una michirizi, hakuna ubishi. Dawa yake ni mifuko ya kunyonya unyevu iliyoning'inizwa tangu mwanzo, paleti kavu, na kutoacha kontena siku nyingi uwanjani baada ya kushuka. Mbao mbichi za paleti hutoa maji mengi kuliko watu wanavyodhani.

Dalili: harufu kali, au kibandiko cha dawa mlangoni

Harufu ya kitunguu saumu au samaki aliyeoza yaweza kuwa fosfini, gesi ya sumu ya kufukizia mizigo. Methili bromidi, nyingine ya aina hiyo, yenyewe haina harufu, kwa hiyo pua safi si ruhusa ya kuingia. Tazama kama matundu ya hewa ubavuni yamezibwa kwa utepe, na kama kuna kibandiko cha fuvu chenye tarehe.

SIMAMA HAPA: hakuna ukaguzi wa nyumbani kwa hili. Milango ikiwa haijafunguliwa, iache hivyo. Ikiwa imeshafunguliwa, iache wazi, watu wasogee upande upepo unakotoka, foklifti izimwe. Anayehisi kizunguzungu, kifua kubana au kichefuchefu apelekwe hospitali mara moja, na kibandiko kipigwe picha ili daktari ajue ni dawa gani. Piga 999 au 112 mtu akianguka, na asiingie mwingine kumfuata bila kifaa cha kupumulia. Kampuni ya ufukizaji ndiyo itakayopima hewa na kutoa cheti, na wapakiaji hawaingii hadi cheti hicho kiwe mkononi mwa msimamizi.